Bima Ndogo ya Kumrudisha Mama

Gari langu nililinunua kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Nilipokwenda kufanya kazi Botswana nililiacha uani kwetu Mabwerebwere, Kilosa, likapandishwa juu ya mawe na kufunikwa turubai. Bima ikaishia humo humo chini ya turubai. Nani anakatia bima gari lililolala?

Nilirudi na diploma ya umeme, nikamkuta mama amelazwa Mikumi, mguu umefungwa plasta, haukunjiki. Kwenye basi asingeweza kukaa. Nikamwahidi kwamba siku akiruhusiwa atarudi Kilosa kwa gari la mwanawe, amejinyoosha kiti cha nyuma.

Siku hiyo ikafika, gari nimeshalishusha kwenye mawe na linawaka, ila bima sina. Asubuhi nilikwenda kwa dada mmoja wa jirani anayeuza bima kwenye kibanda chake cha miamala ya simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nataka bima kubwa."

Mtu aliyefika nilikofika mimi hakati bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu. Nilitaka gari langu nalo lilindwe.

Akaingiza namba ya gari, akaguna. "Hili lilikatika bima muda mrefu. Kubwa haitoki mpaka likaguliwe, na mkaguzi anatoka Morogoro. Labda Alhamisi."

Nikampigia wakala wa Mikumi.

"Lilete tulione, mzee."

"Nitalileta vipi barabarani bila bima?"

"Hapo sasa!" Akacheka, akakata.

Nikapiga kwa mwingine, na mwingine. Kila mmoja aliniuliza gari lilikuwa wapi muda wote huo, kana kwamba nililiiba. Nilieleza Botswana, nikaeleza mawe, nikaeleza turubai, mpaka sauti ikanikauka. Jua lilikuwa limeshapanda mama alipopiga.

"Baba, kitanda wameshampa mwingine. Niko kwenye benchi. Uko wapi?"

"Nakuja, mama."

"Benchi gumu, mwanangu."

Nikamgeukia yule dada. "Nipe ndogo."

"Msomi wetu? Ndogo?"

"Nipe, dada. Usinichoshe."

Ikatoka hapo hapo kwenye simu, hakuna aliyetaka kuliona gari.

Kabla ya Mikumi trafiki alinisimamisha, akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, akaiona bima, akanipungia nipite. Nilitamani aniulize gari la nani. Hakuuliza.

Mama alikuwa bado kwenye benchi, fimbo mapajani, kanga imelowa jasho mgongoni. Wagonjwa aliokaa nao wote walijua habari za gari langu. "Si niliwaambia?" akawaambia, nami uchovu ukanipungua kidogo. Tulimwingiza taratibu, mguu ukatangulia.

"Endesha polepole, baba. Huu mguu unasikia kila shimo."

"Sawa, mama."

Ningeendesha polepole hata asingesema. Malori yalitupita yakipiga honi, nami nikabana kushoto njia nzima. Mkwaruzo wowote siku hiyo ulikuwa wangu peke yangu.