Usiku Mmoja hadi London

Dada yangu mkubwa alipokwenda London kusomea uuguzi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mama hakulia. Sisi wadogo tuliobaki Kiogoro tulimshangaa sana. Baba ndiye aliyemsindikiza kwa basi hadi uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, safari ya kutwa nzima, akarudi na miguu iliyovimba na hadithi za ndege iwezayo kumeza kanisa letu pamoja na viti vyake.

Mama aliuliza jambo moja tu: atafika lini?

"Ni mbali," Baba akajibu, akavua viatu.

Jibu hilo lilimtosha. Mjomba wake alipelekwa Burma kwa meli wakati wa vita, akakaa majini wiki nyingi, basi Mama akajipimia mwendo mwenyewe. Tukichuma maua ya pareto alisema, huyu sasa yuko juu ya Misri. Wiki iliyofuata, huyu sasa anavuka bahari. Siku ya Sabato aliwaombea wasafiri kwa urefu mpaka shemasi akakohoa. Mimi nilikuwa darasa la saba, na ramani ya shule haikuonyesha saa. Tena, kusema kweli, niliupenda mwendo ule wa pole. Dada alikuwa bado njiani, hajawa wa huko.

Siku moja tulikwenda mjini Kisii kununua kitambaa cha sare yangu. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, na Mama hakuweza kujizuia kumwambia kuwa bintiye yuko safarini kwenda London.

"Hata kijana yangu iko huko," yule mama akasema, akipima kitambaa. "Ndege natoka Nairobi jioni, asubuhi nakunywa chai London."

"Siku ngapi?"

"Siku gani, mama? Usiku moja tu."

Mama alitoka akakiacha kitambaa juu ya meza. Mimi ndiye niliyekichukua. Tulipokaribia nyumbani akaketi kwenye nyasi kando ya barabara, mchana kweupe, watu wakipita na kutusalimu.

"Shangazi yenu wa Nyamarambe huchukua muda kama huo kufika kwetu mvua ikiharibu njia," alisema. "Na huja."

Hapo ndipo alipolia. Umbali alikuwa ameuweza. Ukaribu ndio uliomshinda. Baba alikula ugali wa baridi wiki nzima, na hakuthubutu kuuliza kwa nini.

Masomo yakaisha. Dada akapata kazi, akapata mume, akapata mtoto, na kila mwaka alikuwa anakuja mwaka ujao. Nilimkasirikia kwa niaba ya Mama, kwa sababu Mama mwenyewe hakusema neno.

Kisha bibi yetu, aliyemlea Dada mgongoni, akafariki. Tulimzika karibu na migomba, na Dada hakuja. Baada ya mazishi wanawake wa kanisani walimzunguka Mama, wakamuuliza yule mkubwa yuko wapi.

Mama akakaza kitambaa chake cha kichwa. "Ndege ya huko inachukua mwezi mzima," akasema. "Angefikaje?"

Wakasikitika. Mmoja akanigeukia mimi, kwa kuwa wakati huo nilikuwa nafundisha jiografia katika shule ya Ikonge.

"Mwalimu, ni kweli mwezi mzima?"

Mama alikuwa anatazama udongo mbichi wa kaburi.

"Ni kweli," nikasema. "Na hali ya hewa ikichafuka, hupita mwezi."