Beberu Aliyefungwa kwa Ajili ya Ukuta

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta Mnyuzi, nyumbani kwa mama mkwe, nikiwa bado bibi harusi wa kufagia uwanja usio na hata jani. Nilikuwa na hamu moja tu: ukuta wa jiko lake. Mvua ikidondoka kidogo, udongo ule mwekundu ulinukia mpaka mate yananijaa. Nilibandua kipande, nikakitafuna, nikacheka peke yangu kwa utamu.

Kliniki, nesi alinivuta kope, akatazama viganja, akanitoboa kidole. "Damu yako ndogo, mama. Unakula udongo?"

Mama mkwe alikuwa benchi moja nami. Nikajibu kwamba hata ladha yake siijui. Nesi akasema nikiendelea hivyo, siku ya kujifungua nikitokwa na damu sitakuwa na ya akiba, na tunaweza kupotea wote wawili. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Niliogopa, nikaapa kimoyomoyo njia nzima.

Jioni ile ile nikarudi ukutani.

Kwetu, jambo la aibu mama mkwe hamwambii mke wa mwanawe usoni. Humtafuta wa kumwambia, wewe ukiwa karibu. Wangu alimtafuta mbuzi. Asubuhi alimfunga kamba kwenye mstafeli, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Kumbe ni wewe unayenitobolea jiko. Na mimba hiyo, mjukuu wangu unamlisha udongo? Sikufungulii mpaka ujifungue salama."

Mbuzi mwenyewe alikuwa beberu. Nilijifunika khanga usoni nikacheka mpaka machozi, kisha aibu ikanishika masikio.

Tangu hapo beberu akawa anahutubiwa kila mlo. "Leo kuna matembele na dagaa, umalize. Kidonge usimezee chai, meza na maji." Mimi nikamaliza sahani, yeye akaletewa majani pale pale alipo, akanenepa. Nikipita jikoni nilibana pua na kukimbia, tumbo mbele, nikicheka kama niliyelewa. Hamu ilinitesa, lakini ningemtazamaje mfungwa yule?

Damu ikapanda, nesi akafurahi. Nikadhani kamba itafunguliwa. "Bado hujajifungua," mama mkwe akamwambia beberu.

Nilijifungulia hospitali Korogwe. Damu ilinitoka hadi manesi wakaanza kukimbizana, nami nikawaza ukuta ule, kila kipande nilichokula. Kisha ikakata. Nilikuwa bado nipo, nasikia binti yangu akilia, na furaha ilinipanda kichwani hata nikawachekea manesi bila sababu.

Mama mkwe aliporuhusiwa kuingia hakumwangalia mtoto kwanza. Alinivuta kope kama nesi, akatazama viganja vyangu, akavishika muda. Halafu akatoa simu kwenye fundo la khanga, akapiga nyumbani. Wakapokea, wakaanza kumwamkia, hakungoja wamalize.

"Mfungulieni mbuzi," akasema, akaanza kulia.