Kobe Niliyekuwa Namwamkia

Kwa miezi mitatu mizima niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba kobe wa bustani yetu amefungwa kamera mgongoni. Tena sikuamini kidogo. Niliamini kwa kiwango cha kuchana nywele kabla ya kupita mbele yake.

Habari niliipata pale zinapopatikana habari zote za uhakika za Kariakoo: kwenye benchi la muuza kahawa. Mimi nauza mabeseni na ndoo, na benchi lile liko hatua kumi kutoka kwenye meza yangu, kwa hiyo mambo ya dunia nayasikia kabla dunia yenyewe haijayasikia. Siku hiyo nilikuwa naisifia bustani yetu ya Upanga, ile iliyobanwa katikati ya maghorofa manne, ambako nimepanga chumba cha uani. Muuza kahawa akaniuliza kama kobe bado yupo.

"Yupo. Mkubwa kama sinia la pilau."

"Na lile dude mgongoni?"

"Lipo. Jeusi, katikati lina kitu kinang'aa."

Akanimiminia kikombe cha pili bila kuombwa, kama anayemfariji mtu aliyefiwa. "Kaka, na kusoma kwako kote hujui? Ile kamera. Wameiweka wale wanaotaka maegesho. Wanarekodi uchafu wenu wote, siku ya kikao wanawaonyesha ukutani kama sinema."

Benchi zima likatikisa kichwa kukubali. Watu saba wakikubali kwa pamoja, wewe ni nani ubishe? Mimi mwenzenu nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na umri wa kumzaa mwalimu wangu. Baiolojia niliifaulu mpaka nahisi msahihishaji alilia. Lakini hakuna ukurasa wowote wa Baiolojia uliosema kobe hawezi kubeba kamera.

Maegesho yenyewe hayakuwa uvumi. Magari yalikuwa yamezidi watu pale kwetu, na wakazi walishapanga kikao cha kupiga kura: bustani ibaki au imwagwe zege. Kikao kiliwekwa Jumamosi ileile ambayo kila mwaka tunapokea wageni, masika yakishaisha na ukoka umekuwa kijani: watoto wa shule ya awali, wazazi wao, na mtu yeyote mwenye miguu. Asubuhi wageni, alasiri kura. Siku ikiharibika, bustani imekwenda.

Aliyekuwa na cha kupoteza ni mama wa ghorofa ya pili. Mhindi wa hapahapa, mwalimu wa hesabu mstaafu, mjane. Yeye na marehemu mumewe ndio waliochimba tuta la kwanza, zamani hizo pakiwa jalala. Sasa kuna mchicha, mipapai, sungura sita, bata, bata mzinga mwenye roho mbaya, na kobe. Kila asubuhi mama yule hufungua dirisha kabla hajafungua kinywa.

"Wakiweka magari hapa," aliniambia, "mimi nitafungua dirisha nione nini? Bampa?"

Mimi nilikuwa waziri wake wa majani. Kila jioni nikifunga meza Kariakoo nazunguka kwa wauza mboga, nakusanya majani ya nje ya kabichi na maganda ya karoti, nawaletea sungura kiroba kizima. Tangu nilipopata habari ya kamera, nikaongeza na wizara ya adabu. Kobe akitokea, naokota takataka hata kama haipo. Nilipalilia tuta moja mara nne kwa sababu tu alikuwa ameniangalia. Na kwa kuwa sikujua nani yuko upande wa pili wa kamera, huenda ni mtu mzima, nikaona salama ni kumwamkia.

Jioni moja, wiki mbili kabla ya wageni, nilimkuta amejikalia karibu na mpapai.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu.

Wallahi, sauti nzito, yenye mwangwi, kama inatokea kaburini. Nilitupa kiroba. Nilikimbia mpaka getini, na mlinzi ananidai maelezo hadi leo. Kesho yake niliripoti kwenye benchi. Muuza kahawa hakushangaa hata kidogo. "Si nilikwambia? Hiyo ina na spika."

Wiki ya mwisho mama alitugawia kazi kama jeshi. Mawe ya njia yapakwe chokaa. Banda la bata lioshwe. Bata mzinga afungiwe, maana mwaka uliopita alimdonoa mzazi mmoja pahala pasipotajwa. Mzee mmoja fundi bomba, mtu wa Pwani, mkimya kuliko ukuta, aliachiwa mabomba na tangi la maji la chini ya ardhi, kazi zake za siku zote. Mimi nikapewa sungura na mchicha. Matuta matatu ya mchicha, yamesimama kama gwaride. Watoto waung'oe wenyewe wapeleke nyumbani, ndiyo ilikuwa raha kuu ya siku.

"Umefunga mlango wa sungura?" mama akaniuliza Ijumaa jioni kutoka dirishani.

"Mama, nimefunga mpaka hewa inaomba ruhusa kupita."

Sikuwa nimefunga.

Jumamosi alfajiri nilikuta sungura sita wamelala chali katikati ya uwanja mtupu, matumbo kama ngoma. Matuta matatu yamebaki upara. Nikaona zege linamwagwa. Nikamwona mama dirishani anatazama bampa.

Sikumwamsha. Nilikimbia Kariakoo. Mnajua mchicha wetu unavyouzwa: mafungu yenye mizizi yake, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, mizizi bado ina udongo. Nikanunua kiroba, nikarudi na bodaboda, nikapiga magoti kuanza kuchomeka mchicha wa sokoni ardhini, shina moja baada ya jingine.

Nikainua macho. Kobe huyu hapa. Amesimama kwenye kona ya tuta, shingo nje, dude mgongoni linameta kwa jua la asubuhi, ananirekodi.

"Samahani sana, mkubwa," nikamwambia. Nikachukua beseni langu la bluu, lile kubwa la kufulia mablanketi, nikamfunika. Nikamwekea na majani ya kabichi humo ndani ili asinung'unike. Nia yangu ilikuwa nimfunue nikimaliza.

Lakini ukipanda shamba zima kwa saa moja unasahau hata jina lako. Kwa haraka, mafungu ya mwisho niliyachomeka bila kuyafungua. Nikafuta jasho, na watoto hao getini, wamevaa kofia za njano, mwalimu wao mbele.

"Kobe yuko wapi?" hilo ndilo lilikuwa swali lao la kwanza.

Mama akanigeukia. "Kobe yuko wapi?"

"Amepumzika, Mama."

"Kobe apumzike? Ametoka kazi gani?"

Kabla sijapata uongo mwingine, mtoto mmoja alikwisha kuingia kwenye mchicha. Akavuta. Likatoka fungu zima, mashina ishirini, na kamba yake ya mgomba kiunoni. Akalinyanyua juu. "Mwalimu, huu umeota umefungwa!"

Mama alilitazama fungu. Akanitazama mimi. Mwalimu wa hesabu akikutazama hivyo, unajua amekwisha kupata jibu, anasubiri tu uonyeshe njia.

Hapo ndipo beseni lilipoanza kutembea.

Lilitoka nyuma ya tuta polepole, bluu, peke yake, bila mkono wala kamba. Likasimama. Likafikiri. Likageuka kushoto, likashika njia ya mawe meupe kama mgeni rasmi. Watoto wakapiga kelele ambayo nina hakika wavuvi kule Feri walisitisha mnada. Bata wakatawanyika. Bata mzinga akavunja kitasa kwa hasira ya kupitwa. Madirisha ya maghorofa yote manne yakafunguka, watu wakaning'inia na taulo, na miswaki mdomoni.

Kiongozi wa kambi ya maegesho, bwana mwenye magari matatu, alishuka ngazi mbio na kandambili tofauti miguuni, simu mkononi, anarekodi. Binti yake mdogo alikuwa miongoni mwa kofia za njano, na tayari alikuwa anatambaa ubavuni mwa beseni akilisemesha.

"Baba, usikanyage njia yake!" akamkaripia. Bwana akarudi nyuma.

Alasiri, kikaoni, bwana huyo aliombwa aeleze faida za maegesho. Akasimama, akakohoa. "Mimi nilikuwa na hoja sita," akasema. "Lakini nimeulizwa na binti yangu, nikileta gari hapa, beseni litapita wapi? Sina jibu." Akaketi. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akasahau ajenda. Kura zilipohesabiwa, bustani ilishinda kwa kura nne. Mama alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena.

Watu walipoondoka tulibaki watatu bustanini: mama, fundi bomba na mimi. Kobe alikuwa ameshafunuliwa, anatafuna ushahidi wa mchicha.

"Sungura nimeelewa," mama akasema. "Mchicha nimeelewa. Beseni ndilo sijaelewa. Kobe wa watu ulimfunika kwa nini?"

Nikamweleza yote. Kamera, spika, benchi, marahaba. Nilieleza kwa ufasaha wa mtu mwenye cheti. Mama alishika mpapai asianguke. Fundi aliendelea kukusanya spana zake, kisha akasimama, akamtazama kobe, akanitazama mimi.

"Si kamera hiyo," akasema. "Ni gundi ya mabomba. Mkokoteni wa nondo ulimpanda pale getini, gamba likapasuka, nikaliziba. Kinachong'aa ni nati, niliiegesha juu ikandamize gundi mpaka ikauke, ikagandia."

"Na marahaba, Mzee?"

"Nilikuwa ndani ya tangi, pale karibu na mpapai, nasafisha. Nilidhani unaniamkia mimi."