Mume Wangu na Skuta za Kukodi

Mume wangu aliendesha basi la Biharamulo hadi Ngara kwa miaka mingi, mpaka mgongo ulipomkatalia. Daktari alimwambia apumzike. Kupumzika kwenyewe hakukujua.

Nilikuwa na cherehani yangu barazani, kando ya barabara inayoteremka sokoni, naye alikuwa akizunguka nyuma yangu kutwa. Anahamisha kiti. Anafungua geti, analifunga. Anakwenda stendi kuangalia mabasi ya wenzake, anarudi akilalamika kwamba la Ngara limechelewa kutoka, utadhani abiria ni wake.

"Kaa basi, Baba Watoto," namwambia.

"Nimekaa," ananijibu, naye amesimama.

Ndipo zikaja skuta za umeme. Mfanyabiashara mmoja alizileta kwa lori kutoka Mwanza: vyombo vyembamba vya magurudumu mawili madogo, unasimama juu ya kibao, unashika usukani, unakwenda. Unakodi kwa simu, na ukifika unaiacha hapo hapo, mwingine aichukue. Mji ulichangamka. Watu wa ofisini waliteremka nazo kutoka upande wa boma kwenda kula mchana, wauguzi wakapanda nazo hospitali, wanafunzi wakabebana wawili wawili wakipiga kelele. Waendesha bodaboda walinuna. Ikifika jioni utazikuta zimelala ovyo, nyingine mlangoni mwa duka, nyingine katikati ya njia ya waenda kwa miguu, nyingine mtaroni.

Mimi kilichonisumbua ni ukimya wa skuta hizo. Barabara ile niliijua kwa masikio. Nikiwa nimeinamia kitambaa najua hili lori, hii pikipiki, hii baiskeli imebeba ndizi. Skuta haikusema kitu. Unaona kivuli tu kimepita juu ya mkono wako, unashtuka, mshono unakwenda upande.

Mume wangu alipoijaribu mara ya kwanza alirudi anacheka peke yake.

"Mgongo hauumi kabisa! Umesimama, upepo unakupiga, gari linakwenda."

"Hilo si gari."

"Wewe shona."

Toka hapo hakushikika. Asubuhi yuko hospitali bila mgonjwa wa kumwona, mchana yuko sokoni bila cha kununua. Nilimwomba apunguze mwendo kwenye mteremko. Alinikumbusha kwamba amelipitisha basi kwenye milima ya Ngara, mvua na ukungu, na hajawahi kumgusa hata mbuzi. Ilikuwa kweli. Lakini moyo haukutulia. Kila nilipoacha kukanyaga cherehani nilijikuta nimegeuza shingo barabarani.

Siku ya ajali nilisikia watu kwanza. Nilikimbia na futi ya kupimia bado shingoni. Bibi mmoja alikuwa amekaa chini, ameshika mkono wake wa kulia, maharage yametapakaa kote. Alikuwa ametokea nyuma ya gari lililoegeshwa, beseni kichwani. Mume wangu alipiga kelele, bibi akakwepea upande ule ule wa skuta, na breki ikateleza kwenye changarawe.

"Nimemgonga mtu," mume wangu alikuwa anasema. Si kwangu, wala si kwa mtu yeyote. "Nimemgonga mtu."

Tulimpeleka hospitali. Mkono ulikuwa umevunjika, ukafungwa plasta. Alikuwa mama wa asili ya Burundi, amezeekea huku, anaishi peke yake nje kidogo ya mji na kulima shamba lake mwenyewe. Mume wangu alishindwa hata kukaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Naomba unisamehe."

"Marahaba, mwana wanje." Alimwita mwanangu kwa Kirundi chake, akamwonyesha plasta. "Mimi lori ninarisikia toka mbali, ninangoja. Wewe umekuja kama paka. Sasa palizi yangu nani atarima?"

"Mimi."

"Una mgongo," nikamnong'oneza.

"Mimi, mama," akarudia.

Kesho yake alichukua jembe akaenda kwa miguu. Niliamini hatamaliza tuta. Alikuwa akipalilia kidogo, anajinyoosha, anapalilia tena, na bibi amekaa kwenye kigoda akimkaripia kwamba anakata mizizi. Siku nilizomfuata na chakula niliwakuta wanabishana kuhusu barabara ya Benaco, njia ya kwenda Ngara, ilivyokuwa zamani, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake amesahau. Plasta ilipotolewa, mkono ukabaki umepinda kidogo. Mume wangu aliendelea kwenda. Jioni anarudi na udongo miguuni, anakula, analala kama mtoto.

Skuta hazikuondolewa. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano, tukagombana mpaka jua likazama. Mfanyabiashara akakubali kuzifunga king'ora kidogo na kuzizuia kwenye mteremko wetu. Ving'ora vingine viliharibika mapema, na wanafunzi wanateremka pale bado.

Masikio hayatoshi tena, kwa hiyo nimeigeuza cherehani ili nitazame barabara, ingawa mwanga sasa unanipiga machoni. Mteja akinisemesha najibu bila kumwangalia. Juzi mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza aliniuliza ninamsubiri nani. Nikamwambia simsubiri mtu, nikaendelea kutazama.