Ng'ombe Niliyemficha Kahe

Mwanangu, iko Krismasi moja ambayo ikinijia kichwani hata leo mkono wangu unaacha kazi. Nakumbuka nimesimama nyuma ya jiko pale Masama, bakuli la kisusio mkononi, ile supu yetu ya damu na utumbo inayotangulia ng'ombe akichinjwa. Nusu nilikuwa nimeshakunywa. Nikasifia kabisa, nikasema huyu ng'ombe alikuwa na afya. Halafu nikageuka, nikaona kichwa.

Kilikuwa kimewekwa juu ya majani ya mgomba. Katikati ya paji la uso kuna doa jeupe la mviringo, ukubwa wa kizibo cha soda. Sikio la kushoto limechanika, mbwa alimng'ata akiwa ndama. Nikaangalia bakuli, nikaangalia kile kichwa. Alikuwa Kidoti. Ng'ombe wangu mwenyewe, na mimi nilikuwa namnywa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, unielewe.

Mume wangu Elinami alikuwa mtu wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sisemi kwa siri, yeye mwenyewe anajua. Kahawa ni ya baba, hilo tumelikuta, mwanamke haulizi. Mimi nilikuwa na ndizi na maziwa. Lakini hata hela ya ndizi, akiiona imelala, ataiamsha. Basi nikajifunza kuficha. Nilificha kwenye debe la mahindi, nikaficha kwenye kanga ya zamani, mpaka nikafikisha ya kununua mtamba. Mtamba huwezi kumficha kwenye debe.

Kwetu mtu anaweza kumpeleka ng'ombe wake akafugwe kwa mwingine. Anayefuga anakunywa maziwa, mwenye ng'ombe anabaki na ng'ombe wake, ndama mnapeana zamu. Nikamfuata wifi yangu Anande, dada yake Elinami, ameolewa kule chini Kahe kwenye majani mengi. Tukaongea wawili tu, jikoni kwake. Akaniapia kwamba kaka yake hatajua. Akasema, "Wifi, sisi wanawake tusipofichiana nani atatufichia?" Nilimpenda siku ile kuliko dada yangu wa tumbo moja.

Miaka minne, mwanangu. Nilikuwa natuma hela ya dawa ya kupe kwa simu, na meseji nafuta palepale, Elinami asije akaona. Nilijiona nina akili sana. Binti yangu wa kumzaa, Neema, alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Januari angeripoti, na Kidoti ndiye angelipa. Mwanzoni mwa Desemba nikampigia Anande, nikamwambia mwezi ujao nakuja kumchukua. Akanijibu ng'ombe mzima, anakula tu, nitume hela ya minyoo. Nikatuma. Nikafuta.

Sasa ile Krismasi shemeji yangu Godlisten akaja na gari kutoka Dar, akatangaza kwamba mwaka huu ng'ombe wa ukoo ni wake, amemnunua kwa dada yake Anande kwa bei ya ndugu. Watu wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga. Nilijua Anande ana ng'ombe wake wengine. Wanaume wakachinjia kule migombani, sisi wanawake tukapasha masufuria.

Basi nimesimama pale na bakuli. Anande yuko mbele yangu anakatakata ini. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikujua ni yangu, "Anande, huyu ni Kidoti."

Hakushtuka, na hicho ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Alipangusa kisu kwenye kanga, akaita kwa nguvu watu wote wasikie, "Kaka Elinami, njoo. Mke wako anasema ana ng'ombe."

Elinami akaja, na wenzake nyuma yake na vibuyu vya mbege. Akaniuliza, "Mama Neema, wewe una ng'ombe?"

Niambie ungejibu nini. Nikisema ndiyo, nimekiri mbele ya ukoo kwamba nimemficha mume wangu mali miaka minne. Nikisema hapana, nimemchinja Kidoti mara ya pili. Nikasema ndiyo. Akauliza nani anajua. Nikafungua simu kutafuta meseji, na hakuna hata moja. Nilizifuta mwenyewe, mkono huu huu. Godlisten akacheka, akasema shemeji anaficha ng'ombe kama mtoto wa shule anavyoficha sigara. Wakacheka wote. Nyama ikagawiwa. Mimi nikaletewa fungu langu, kama mke wa nyumba ile.

Jioni mama mkwe, Bibi Ndeshi, akanikuta kihambani, kwenye migomba yetu, nimekaa chini. Nilidhani kaja kunisema kwa kumficha mwanawe. Akakaa karibu yangu, mzee yule, magoti yanamuuma. Akasema, "Anande nimemzaa mimi, najua amekula cha mtu. Leo nilitaka kusimama nikutetee. Nisimame niseme nini? Mimi uliniambia?"

Hata yeye sikuwa nimemwambia.

"Kumficha mlevi sikulaumu," akasema. "Mimi mwenyewe nilimficha baba yake. Lakini wewe umewaficha hata watu ambao wangekusemea."

Wiki iliyofuata Elinami alikwenda kituo cha maziwa, akasema hela iingie kwenye simu yake. Hawakumuuliza swali. Kitabuni jina lilikuwa lake tangu mwanzo, maziwa nakamua mimi. Sikuwa nimewahi hata kukifungua kile kitabu. Neema nafasi yake ilipotea. Leo anauza mitumba Bomang'ombe, anakula, simkufuru Mungu. Lakini akipita muuguzi na sare yake, Neema anageuka kupanga nguo ambazo zimeshapangika. Anande tunakutana kanisani. Ananisalimia.

Ilinichukua miaka kupata mtamba mwingine, kwa hela ya kikundi cha kina mama, kidogo kidogo kila Jumatano, na kila mmoja anaona mwenzake ameweka nini. Siku ya kumleta, mchana wa jua kali, sikupita njia ya mkato. Nilimpitisha barabara ya kanisa, nikasimama kwa balozi wa nyumba kumi akaandika karatasi na kugonga muhuri, nikapita mbele ya kilabu ambapo Elinami amekaa. Bibi Ndeshi alikuwa ananingoja hapo hapo mlangoni pa kilabu na fimbo yake. Akamshika yule mtamba pembe, akamwambia mwanawe mbele ya walevi wote, "Huyu ni wa mke wako. Nimemwona mimi." Elinami alikunywa mbege yake.

Mwanangu, mimi niliishia darasa la saba, sina maneno ya semina. Weka akiba, hata ya mkungu mmoja wa ndizi, na usisubiri ibaki, itoe kwanza. Lakini usiiweke mahali ambapo mtu mmoja tu anajua. Kitabu cha maziwa kiwe na jina lako. Laini ya simu iandikishwe kwa kitambulisho chako, si cha shemeji. Ujumbe wa hela usiufute, ule ndio mdomo wako siku mdomo wako ukikataliwa. Ukimkabidhi ndugu kitu, mwite na mtu wa tatu, hata kama mnapendana, na hasa kama mnapendana. Na kama nyumba yako inakulazimisha kuficha, basi mtafute mama mmoja mwenye kauli, mwonyeshe kwa macho.

Nenda, binti yangu. Mungu akupe mikono isiyochoka na watu wa kukusemea. Akupe ng'ombe ambaye kijiji kizima kinamjua jina, na siku akichinjwa, uwe ni wewe uliyesema achinjwe.