Nilivyohamia Ng'ambo kwa Ajili ya Kura Moja

Nilihama nyumba yangu, nikamwacha mume ndani, ili nimnyime mtu mmoja kura. Nikiandika hivi naona haya, maana jambo hili linasomeka kama la mtu asiye na akili timamu, na huenda ndivyo. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Mambo ya majimbo na kata nimeyajua kwa kuyakanyaga, si kwa kufundishwa. Nikikosea mahali, aliyesoma anisahihishe, lakini asinifutie.

Kilima chetu kiko pale Biharamulo inapokwisha na Ngara inapoanza. Chini yake kuna kijito ambacho kiangazi unakiruka, na masika kinakuruka wewe. Baba yangu alikivuka kila uchaguzi kwenda kupiga kura Biharamulo. Kwanza jimbo lilikuwa moja. Likakatwa Mashariki na Magharibi, sisi tukawa Magharibi. Baadaye Mashariki wakaondoka, wakawa wilaya yao, na sisi tukabaki tunaitwa Magharibi vilevile, kama pacha aliyefiwa na mwenzake na bado anaitwa Doto. Baba alilicheka sana jambo hilo. Alisema yeye hajawahi kuhama hata mara moja, ila kila akiamka anaambiwa ni mtu wa mahali pengine.

Zamu ya kilima chetu ilikuja baba akiwa ameshakufa. Wapimaji walikuja wakapanda mawe ya alama kando ya kijito, kisha mkutanoni tukaambiwa kijito ndicho mpaka: ng'ambo ni Biharamulo, sisi wa kilimani ni Ngara. Mpaka huo mmoja ulibeba vyote, kitongoji, kata, wilaya na jimbo. Dada yangu aliyeolewa Bugarama, huko Ngara, aliniambia karibu nyumbani. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Muhogo ulikuwa uleule.

Masika ya mwaka huo mama akashikwa na tumbo. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka kwa fito na kamba, na kila kaya hutoa mwanamume wa kubeba kwa zamu. Baba alikufa na sugu ya ingobyi begani. Mama miaka yote alipikia wabebaji uji. Na ingobyi yetu ilitunzwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, ng'ambo. Nilikwenda mwenyewe na mvua yangu, nikamkuta barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu. Nikamweleza hali ya mama. Akaniuliza siku hizi sisi ni watu wa wapi. Nikamwambia anajua.

"Basi, binti yangu, ingobyi ni ya Biharamulo. Haivuki. Nendeni kwa mwenyekiti wenu wa Ngara."

Mwenyekiti wetu wa Ngara alikuwa hajachaguliwa bado. Nilimwambia hivyo. Akasema hilo halimhusu.

Pikipiki hazikuweza kupita kwa tope. Mume wangu na majirani walimbeba mama kwenda zahanati juu ya kitanda chake, miguu ya kitanda ikiwagonga magoti. Alifia njiani, kwenye mteremko ambao wabebaji wa ingobyi huushuka wakiimba.

Sasa niandike la upande wa mwenyekiti, maana nisipoliandika mimi hakuna atakayeliandika. Mganga wa zahanati aliniambia kwamba kwa dalili zile utumbo ulikuwa umejisokota, na kwamba hata angefika mapema, pale hapakuwa na upasuaji. Tena mwenyekiti huyo ndiye aliyehangaikia kivuko cha miti hadi kikawa cha zege. Mwaka wa njaa aligawa mahindi ya msaada bila kumruka mtu. Nimeyaweka haya yote upande mmoja wa mizani, na kitanda cha mama upande mwingine. Sijui kama napima vizuri. Lakini kila nikipima, kitanda ndicho kinachoshuka.

Nikamngoja kwenye kura. Kushitaki sijui, kuloga sitaki. Kura ndiyo kitu pekee chenye ncha nilichowahi kupewa mkononi. Ndipo nikagundua kwamba hata hicho nimenyang'anywa: yeye ng'ambo, mimi huku. Mpaka uleule aliomkatalia nao mama ukawa ukuta wa kumkinga na mimi. Uchaguzi ulikuja nikapiga kura Ngara, nikachagua kati ya watu ambao sikuwa na ugomvi nao, na ilikuwa kama kula mboga isiyo na chumvi.

Halafu zikaja habari kwamba mwenyekiti yule anagombea udiwani. Wakati huohuo daftari la wapiga kura lilikuwa linaboreshwa, na redioni walisema aliyehama aende akahamishe taarifa zake. Aliyehama. Nilikwenda nalo shambani neno hilo na nikarudi nalo.

Ng'ambo ninaye shangazi, dada wa baba, mjane. Nilimwomba nijenge kibanda nyuma ya migomba yake. Alidhani nimepigwa na mume. Nikamweleza sababu yenyewe.

"Kwa hiyo unakuja kulala kwangu ili umnyime kura mtu ninayempa mimi."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Kuni utachanja mwenyewe."

Shangazi alikuwa na sababu yake. Ukuta wake ulipoanguka, mwenyekiti alimpelekea vijana wakausimamisha. Na hilo naliandika.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alisema wake wa wenzake huhama kwa kipigo, wa kwake kahama kwa demokrasia. Lakini alinibebea mlango kichwani hadi ng'ambo, akanipigilia na bawaba.

Watu waliniambia sina haja ya kuhama kweli, nitaje tu jina la kitongoji, nani atanifuatilia. Sikutaka. Mwenyekiti alimnyima mama kwa mpaka wa kweli, wenye mawe, na mimi nilitaka nimfikie kwa makazi ya kweli. Ningedanganya, angekuwa na neno la kunijibu. Kwa hiyo nilihamisha sufuria na kuku, nikapanda maharage, nikazika waliokufa, nikalima barabara pamoja na wenzangu. Hata uji wa wabebaji wao wa ingobyi niliupika, nikiukoroga kwa hasira. Karani wa daftari aliponiuliza ninaishi wapi, nilimjibu bila kumeza mate.

Kisha ikawa kwamba mwenyekiti yuko peke yake kwenye udiwani. Waliotajwa kushindana naye hawakurudisha fomu. Sababu zao sizijui, na nisilolijua siliandiki. Nililia siku hiyo, nikidhani nimejenga kibanda bure. Shangazi ndiye aliyenieleza kwamba siku hizi hata aliye peke yake hupigiwa kura, ya ndiyo au ya hapana. Angeweza kuninyamazia, maana lilikuwa dhidi ya mtu wake. Hakuninyamazia.

Siku ya kura tulikwenda pamoja, shangazi na ndiyo yake, mimi na hapana yangu, tukizungumza habari za panya wanaokula mihogo. Nilipoifikia karatasi ya udiwani niliona picha ya mwenyekiti. Alikuwa amevaa koti na amezeeka. Niliweka alama yangu polepole, katikati kabisa, isije ikasemekana imeharibika. Nimesikia watu wakisema kulipa kisasi hakuna raha. Labda wao walilipa vibaya. Mimi niliona raha, nikaenda nayo mpaka nyumbani.

Alishinda, na nilijua atashinda. Lakini matokeo yaliyobandikwa ukutani yalionyesha hapana zaidi ya moja. Si nyingi, ila zaidi ya moja. Tangu hapo natazama watu kisimani nikijiuliza wenzangu ni nani, na wao aliwakatalia nini.

Baadaye aliitisha mkutano kitongojini kwetu, huko ng'ambo, kushukuru. Tulikaa kwenye nyasi uwanja wa shule. Alisema anawashukuru waliosema ndiyo, na hao wa hapana pia ni watoto wake, waje wamwambie kosa lake. Nadhani alilisema kama watu wanavyosema karibu chakula wakiwa wamemaliza kula. Nikasimama. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoeza.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni mmoja wa hao wa hapana. Mama yangu alikuwa mgonjwa, nikaja kwako, ukaniambia ingobyi haivuki. Alifia njiani juu ya kitanda."

Alinikazia macho, na niliona kwamba anatafuta kweli, hajifanyi.

"Mama yako ni yupi?"

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Aliyejibu ni shangazi, akiwa bado amekaa, amenyoosha miguu yake mibovu mbele.

"Ni wifi yangu. Yule aliyekupikia uji siku ulipombeba baba yako."

Hapo akakumbuka. Alivua kofia. Alisema, na ninaandika kama alivyosema nisije nikamwonea, kwamba siku zile mpaka ulikuwa mpya, na aliogopa mtu wa Ngara akifia kwenye ingobyi ya Biharamulo ataulizwa yeye. Alisema hakuwa na ubaya na mama. Aliomba radhi mbele ya watu, na watu wakageuka kunitazama mimi, wakingoja niseme yamekwisha.

Sikusema. Nilisema nimesikia, nikakaa. Mzee mmoja aliguna kwamba nina moyo mgumu, na sikatai. Aliogopa kuulizwa, basi ameulizwa. Nikisema yamekwisha, nitakuwa namsemea mama, naye hakunituma.

Njiani shangazi hakunisifu wala hakunikemea. Alisema tu kwamba uchaguzi ujao atafikiria.

Jioni mume wangu alivuka kuniletea chumvi. Aliuliza kama sasa narudi nyumbani, maana nimeshapiga kura na nimeshasema. Nikamwambia bado, mheshimiwa ana miaka mitano ya kukaa mbele yetu akiongea, na mimi nataka anione nimekaa hapo kila anapokuja. Akanikumbusha yanayosemwa, kwamba jimbo linaweza kukatwa tena, na nani ajuaye kibanda hiki kitaangukia upande gani.

"Wakihamisha mpaka, nitahama tena."

Alikitazama kibanda, akautikisa mlango kidogo kupima bawaba zake. Akasema basi safari ijayo mlango uwe mwepesi, maana ni yeye atakayeubeba tena, na mgongo wake si wa zamani.