Kaka, shemeji yake na bolti ya kushoto

Kaka yangu tulimzika mwezi wa pili. Waliosimama kanisani kumwelezea walisema alikuwa mtu mpole, msikivu. Nilinyamaza kwa heshima ya mahali pale. Mungu amrehemu, lakini kaka hakuwa msikivu hata kidogo, na mimi niliyefanya kazi naye miaka kumi na mmoja ndiye ninayejua.

Watu walimwita Spana. Alitengeneza pampu na mashine za kusaga za nusu ya majirani, lakini kipenzi chake kilikuwa mashine kuukuu ya kufunga majani, iliyovutwa na trekta. Iliokota majani makavu, ikayashindilia, ikayafunga kwa kamba mbili za katani na kutoa robota nyuma. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kifungio cha kulia kilipiga fundo bila matatizo. Cha kushoto kilikuwa mtihani.

Mume wangu ndiye aliyeendesha trekta. Yeye na kaka waliwahi kugombana vibaya juu ya mashine hiyo, hadi mama akawaapisha wote wawili, mkono juu ya Biblia, kwamba hawatapingana tena shambani. Walitii. Nilimshukuru Mungu mapema mno.

Siku ninayoikumbuka, shamba zima lilikuwa limekatwa na kukauka, na mawingu yalikuwa yamejaa tangu asubuhi. Mwaka uliotangulia majani yalilowa yakaoza, tukawauza ng'ombe wawili kwa kukosa cha kuwalisha. Walibaki wanne. Niliomba mvua icheleweshwe, kisha nikaona aibu, maana majirani walikuwa wakiiombea mahindi yao.

Marobota manane yalitoka vizuri. La tisa likapasuka kama mto uliochanika. Kaka akasimamisha kazi, akapuliza vumbi, akanoa kisu cha kukatia kamba, akakaza bolti inayobana kamba ya kifungio cha kushoto. Tukaendelea. Sita mazuri, la saba likamwagika. Akasema kamba ni mbovu. Nikabadilisha kamba. Manne, la tano likamwagika. Akasema nimeipitisha vibaya. Nikaipitisha upya huku akinisimamia kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Unaivuta mno," alisema.

"Kaka, nimeishika kwa vidole viwili."

"Basi tumia kimoja."

Kufikia saa nane tulikuwa tumefunga robo ya shamba, na mimi nilikuwa nimefungua marobota mabovu mengi kuliko mazuri niliyoyapanga. Niliketi juu ya robota zima nikiwa na hasira za kulia, nikaanza kuzitazama kamba zilizoshindwa. Moja ncha yake ilikuwa imechanika kama ndevu za mbuzi, dalili ya kubanwa kupita kiasi. Iliyofuata ncha ilikuwa safi, haina fundo, dalili ya kuponyoka kwa kulegea. Iliyofuata, ndevu. Kisha safi. Hakuna bolti inayojikaza na kujilegeza kwa zamu.

Nikaanza kuwavizia. Robota lililofuata lilipopasuka, mume wangu alizima trekta, na kaka akaenda nyuma kulikagua. Nikamwona mume wangu akishuka, akachukua spana, akalegeza bolti robo mzunguko, akarudi kitini kama mtu aliyetoka kujisaidia. Tukaendelea, na lilipopasuka jingine kaka aliipapasa, akaguna kwamba mtikisiko umeilegeza tena, akaikaza.

Nilimnyang'anya spana, nikaitia mfukoni mwa gauni.

Niliwaambia yote hapo hapo, na sikuchagua maneno. Kwamba tangu asubuhi, vumbi lilipopulizwa, mashine ilikuwa nzima, na wagonjwa walikuwa wao. Kwamba mmoja anakaza, mwingine analegeza, na kila mmoja anatibu ugonjwa aliouleta mwenzake. Kwamba ng'ombe hawatakula kiapo.

Kaka alimgeukia mume wangu. "Shemeji, kwa nini hukuniambia?"

"Tuliapa tusipingane."

"Ungesema tu, bila kupinga."

"Ningesema, ungesikia?"

Kaka aliipangusa vumbi ile bolti. "Nisingesikia," alisema.

Kisha akaniomba spana. Nikakataa. Akaniambia basi nilegeze mwenyewe, nusu ya ile robo, na yeye akageuka akatazama upande wa mawingu, mikono nyuma, ili asinielekeze. Najua ilimgharimu kiasi gani. Nikalegeza.

Tulifunga hadi matone yalipoanza, na hakuna robota lililopasuka tena. Mistari mitatu ya mwisho ililowa. Kaka aliipitia kwa miguu, akashika majani hapa na pale, akarudi akiwa na maji hadi kwenye nyusi. Alisema yaliyo ghalani yatawafikisha ng'ombe wote wanne mwisho wa kiangazi, kisha akamwambia mume wangu kwamba breki za trekta zinalia, azikaze.

Mume wangu aliitikia vizuri tu. Hakuzigusa.